MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Nani humchagua gavana?

Jioni moja kule Katuba mtoto alimwuliza baba yake: “Baba, siku ile ulipokwenda kupiga kura, ulimchagua gavana yupi?” Baba akajibu: “Mwanangu, hiyo si kazi yetu. Wakubwa humchagua wenyewe kwa wenyewe.” Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo itupasayo kuijua.

Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba gavana na makamu wake huchaguliwa na wajumbe wa Baraza la Jimbo kwa miaka 5, nao waweza kurudishwa mara moja tu. Kisha Rais wa Jamhuri huwathibitisha kwa amri yake. Zamani za Mobutu, gavana aliteuliwa na Rais, wala hakuwa na deni kwa mtu wa hapa. Mwaka 2007 Baraza la Katanga lilimchagua Moïse Katumbi. Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo 4 mwaka 2015, Haut-Katanga ikapata Baraza lake. Nalo lilimchagua Jacques Kyabula mwaka 2019, na tena mwaka 2024.

Katika nchi ya Kenya, tangu mwaka 2013, kila mwananchi humpigia kura gavana wa kaunti yake. Kwetu sivyo. Wachaguzi wa gavana ni wachache, hata waweza kuketi katika ukumbi mmoja. Hapo ndipo penye hatari. Tajiri hawezi kuununua mji mzima, lakini watu wachache wenye tamaa hununuliwa kwa usiku mmoja. Mwezi wa Machi 2019 malalamiko ya hongo yalizidi katika uchaguzi wa maseneta, ambao nao huchaguliwa na wajumbe hao hao. Uchaguzi wa magavana ukaahirishwa hata Aprili.

Je, lawama ni ya wajumbe peke yao? Tuseme kweli. Ukiacha machifu wachache waingizwao kwa ajili ya mila, mjumbe hutoka mikononi mwetu. Tarehe 20 Desemba 2023 tulimchagua siku ile ile tuliyomchagua Rais. Habari za Rais tulizijadili miezi mingi. Lakini mjumbe wa jimbo, wengine walimchagua kwa ajili ya kitenge, fulana, au chupa ya bia. Aliyetununua sisi kwa kitenge, tutashangaaje akijiuza mwenyewe kwa dola? Watu husema, mkono mtupu haulambwi. Lakini anayeulamba mkono uliojaa siku moja, hukaa na njaa miaka 5: barabara ya mtaa yabaki mashimo, na kodi ya jimbo haijulikani ilikokwenda.

Basi, enyi akina baba na akina mama, mtu akija kuomba kura ya Baraza la Jimbo, mwulizeni mbele ya majirani: “Utamchagua gavana wa namna gani, na kwa sababu gani?” Akiisha kuchaguliwa, mwiteni aeleze alivyofanya.

Na yule baba wa Katuba angeweza kumjibu mwanawe hivi: “Mwanangu, mimi nilimchagua mtu wa kutuchagulia gavana, wala sikumwuliza neno. Safari ijayo nitamwuliza.”