Upepo si mtuhumiwa pekee wa vifo vya samaki Ziwa Victoria

Novemba 2022, wafugaji wa samaki katika Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu nchini Kenya, walikuta samaki wao wakielea wamekufa vizimbani. Baadhi walielekeza lawama kwa maji taka. Watafiti wa serikali wakaeleza kuwa maji ya chini yenye oksijeni kidogo yalipanda juu. Mapema 2021, Serikali ya Uganda nayo ilitoa maelezo yanayokaribiana na hayo baada ya sangara kufa kwa wingi: dhoruba zilivuruga tabaka za maji.

Pande zote mbili zina hoja.

Jua hupasha joto maji ya juu, nayo huwa mepesi na kuyafunika ya baridi yaliyo chini mithili ya kifuniko cha sufuria. Huko chini mwani uliokufa huoza na kumaliza oksijeni. Upepo mkali ukivuma kwa muda, huyasukuma maji ya juu kuelekea ng'ambo, na yale mazito hupanda kujaza nafasi iliyoachwa. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki huelemewa. Walio huru hukimbia. Wa kizimbani hawana pa kwenda.

Upepo huo haukuanza jana. Kilichobadilika ni maji yenyewe. Vipimo vya 1960 na 1961, vikilinganishwa na vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, vinaonyesha kuwa eneo la kilindi lisilo na oksijeni lilipanuka sana, kwa kuwa mbolea ya mashambani na maji taka ya miji hurutubisha mwani. Anayeushitaki upepo peke yake anawasamehe wengi.

Suala hili linaihusu Tanzania moja kwa moja. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba jijini Mwanza kwa mikopo ya masharti nafuu. Samaki wakifa, deni halifi. Ghuba zilizojificha hupendwa kwa utulivu wake na wepesi wa kuzilinda dhidi ya wezi, lakini maji yake hubadilika polepole. Kina na mwelekeo wa upepo vingepaswa kupimwa kabla ya kizimba kushushwa, na kipimo cha oksijeni kiwepo muda wote. Mfugaji aliyeonywa saa chache kabla anaweza kusitisha kulisha, kuvuna mapema, au kukokota vizimba hadi maji ya wazi.