Laptopu ya mwaka jana kwa bei nafuu: tazama umri wake kabla ya punguzo



Kila modeli mpya za laptopu zinapoingia madukani, suali linakuwa lile lile barazani na kwenye makundi yetu ya WhatsApp: tungoje ile ya zamani ishuke bei, au tununue sasa hivi? Kwa miaka mingi jawabu lilikuwa jepesi: ngojeni. Safari hii jawabu limekuwa gumu, na anayeumia tukichagua vibaya ni kijana anayesoma, awe huku kwetu au awe nyumbani Unguja, Pemba au Mombasa akisubiri mzigo kutoka kwa ami yake.

Kwanza tufahamu kwa nini bei hushuka. Mwenye duka hatupi zawadi. Kila Januari, kwenye maonyesho ya CES kule Las Vegas, kampuni kama Intel, AMD na Nvidia huonyesha vitu vyao vipya, na baada ya miezi michache laptopu zenye chipu hizo hufika nchi za Ghuba. Wakati huo mwenye duka bado ana mzigo wa mwaka jana stoo. Pesa zake zimelala pale, na kila wiki inayopita mzigo unapungua thamani. Basi anakata bei ili autoe. Mnunuzi anayelijua hilo anaingia dukani na nguvu ya kuzungumza bei.

Na mara nyengine biashara hiyo ni ya haki kabisa. MacBook Air yenye chipu ya M1 ilitoka Novemba 2020, bei yake Marekani dola 999. Machi 2024, Apple ilipotoa Air ya M3, iliacha kuiuza ile ya M1 katika maduka yake, na Walmart ikaanza kuiuza kwa dola 699. Mtoto wa kuandika insha, kusoma vitabu vya PDF na kufuata masomo ya mtandaoni hakuhitaji zaidi ya pale. Huo ndio ukale wenye faida.

Lakini upo ukale mwengine, na huo ndio unaouzwa kwa kelele nyingi. Tokea Souq.com ilipoanzisha White Friday mwaka 2014, kabla ya kununuliwa na Amazon mwaka 2017, kila Novemba tunaonyeshwa bei iliyopigwa mstari na chini yake bei mpya. Ile iliyopigwa mstari mara nyingi ni bei ya siku modeli ilipotoka, na pengine hakuna duka linalouza kwa bei ile tena. Usipime punguzo kwa mstari. Lipime kwa bei ya wiki iliyopita, kwa bei ya duka la jirani, na kwa bei ya modeli mpya iliyokaa rafu ya pili. Tofauti ikiwa riali kumi na tano tu, ya nini kuchukua ya zamani?

Nimesomesha hesabu miaka mingi katika sekondari ya misheni, na hesabu ninayowapa jamaa ni moja: chukua bei, igawe kwa miaka ambayo mashine itatumika salama. Tufanye laptopu moja ni riali 120 na imebakiwa na miaka miwili. Hiyo ni riali 60 kwa mwaka. Nyengine ni riali 200 na ina miaka mitano mbele yake. Hiyo ni riali 40 kwa mwaka. Ipi rahisi? Wazee walishasema rahisi ghali.

Miaka iliyobaki utaijuaje? Anza na programu endeshi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, chipu ya kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Kizazi kinasomeka kwenye namba: i5-8250U ni cha nane, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Ukiona i5-7200U, hicho ni cha saba. Iache hata ikiwa na punguzo la nusu bei. Kwa upande wa Mac, Apple ilitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa mashine zenye chipu za Intel. Kwa hivyo MacBook ya Intel inayong'ara kwenye kioo cha duka, umri wake umeshapigwa muhuri.

Baada ya hapo tazama memori. Laptopu nyingi nyembamba memori yake imegandishwa kwenye bodi, huwezi kuiongeza baadaye. Oktoba 2024 Apple ilipandisha memori ya chini ya Air za M2 na M3 kutoka GB 8 hadi 16, bei ikabaki pale pale. Jina la nje ni lile lile, ndani ni vitu viwili tofauti. Usiridhike na jina la modeli. Andika namba yake kamili.

Sasa kwa nini nasema jawabu ni gumu safari hii? Tokea mwishoni mwa 2025 bei ya memori imepanda duniani. Watengenezaji wakubwa ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wanaelekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwenye vituo vya kompyuta vya akili bandia, ambako kuna pesa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ililouzia memori kwa watu wa kawaida. Memori ikipanda, modeli mpya huja ghali, na mwenye duka aliye na mzigo wa zamani hana haraka tena ya kukata bei.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kama kijana anahitaji laptopu kwa mwaka wa masomo ujao, na umeona ya mwaka jana yenye GB 16 kwa bei iliyoshuka kweli, ichukue. Usingoje Novemba kwa mazoea. Na kama ni ya kupeleka nyumbani, uliza kabla ya kulipa: waranti inakubalika Tanzania au Kenya, au inaishia hapa? Plagi haina tabu, ya pini tatu ni ile ile. Iwashe hapo hapo dukani, tazama betri, na risiti iandikwe namba ya mashine. Mtoto wa Chake Chake hana njia ya kuirudisha Ruwi.