Waya Kwanza, Redio Baadaye

Ndugu wafanyakazi, wenye umri kama wetu mnakikumbuka kituo cha Kinyinya. Tangu 1965 mpaka Machi 2015 Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ilikuwa na mitambo yake ya mawimbi mafupi pale kilimani hapa Kigali, na wengi wetu tulikuwa tukifungua redio usiku kusikiliza habari za Kiswahili. Mitambo ile ilikuwa ya kilowati 250. Nchi ilizoea kuwataja Wajerumani tu, lakini kituo hakijiendeshi chenyewe: palikuwa na mafundi wa hapa hapa, wenye mkasi na bisibisi, wanaopokezana zamu kama sisi tunavyopokezana. Kituo kilipofungwa, ujuzi nao ulikwenda nyumbani na mafundi hao.

Tunayakumbusha haya kwa sababu vijana wa viwanda vya Masoro, na wengine wa mashamba ya chai, wanatuuliza juu ya redio ya ridhaa. Hiyo ni redio ya upepo ambayo mtu binafsi mwenye leseni huiendesha bila biashara na bila kutangaza, ili azungumze na wenzake wa mbali na kujifunza ufundi. Wanatuuliza wanunue seti gani. Twasema swali hilo limeanzia mkiani.

Sisi wenyewe tulianzia mkiani. Tulichanga fedha katika ikimina, tukaenda kwa mwenye duka mmoja mjini, tukanunua redio mbili za mkononi, zile ndogo za wati tano zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Muuzaji alituambia zinafika kilometa kumi na tano. Hakutuambia habari ya leseni, wala hakutuambia kwamba kilometa zake zilipimwa mahali pasipo na vilima. Mawimbi ya redio zile huenda kama macho yanavyoona: pasipoonekana, hapafiki. Katika nchi ya vilima hivi, mtu wa Gikondo na mtu wa bonde la pili ni kama wako nchi mbili. Tulipojua kwamba kuzirusha bila leseni ni kosa tulizifungia kabatini, na mpaka leo zimo humo. Waliochanga bado wanatuuliza fedha yao imefanya nini, na wana haki ya kuuliza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lingetuokoa. Yapo mawimbi yasiyojali kilima. Ukichukua waya wa shaba wa meta 20, ukaukata katikati, kila upande meta 10, ukaunganisha pale katikati na kebo inayokwenda kwenye redio, umepata antena ya megahezi 7. Wengine watakwambia uipandishe juu sana. Kwa Ulaya, ndiyo. Lakini ukiifunga chini, meta tano au sita tu kutoka ardhini, kati ya mikaratusi miwili, nguvu yake nyingi huenda juu moja kwa moja, hugonga tabaka la anga lililo juu yetu, kisha hunyesha chini kama mvua juu ya vilima na mabonde yote. Mchana waya wa namna hiyo unaweza kuifunika Rwanda nzima, kutoka Nyagatare hadi Rusizi, bila mnara hata mmoja. Kata waya mrefu kidogo kuliko hesabu, halafu upunguze polepole mpaka ukae sawa. Waya wa mota iliyoungua unafaa kabisa. (Lakini usitoke nao kiwandani bila ruhusa ya maandishi. Hatutaki kumtetea mtu katika kesi ya wizi kwa ajili ya antena.)

Kwa nini jambo hili si mchezo tu? Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi yetu, wengi wao Mkoa wa Magharibi. Mto Sebeya ulifurika. Huko ndiko wachumaji wetu wa chai wanakolala. Simu ya mkononi ni kitu chema, lakini inategemea mnara, nao mnara unategemea umeme na barabara ya kumfikisha fundi. Waya kati ya miti miwili na betri ya gari havimtegemei mtu. Hatusemi redio ya ridhaa ingezuia kilima kuporomoka. Twasema shamba lenye wafanyakazi mamia lingeweza kuwa na wawili watatu wanaojua kuita Kigali kwa njia nyingine.

Kuhusu leseni tuseme wazi. Anayeitoa hapa ni RURA. Wapo wanaonung'unika kwamba serikali inaogopa redio. Nchi hii inayo sababu: RTLM ilianza 1993, na mwaka uliofuata redio ile ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Anayeuliza nani anarusha nini hatuonei. Tunachodai ni kingine: masharti na ada vielezwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, vibandikwe kwenye ubao wa kiwanda, na kikundi cha wafanyakazi kiweze kuomba leseni moja ya kituo cha pamoja. Jina la Rwanda hewani huanza na 9X, kama Tanzania 5H, Uganda 5X na Burundi 9U. Kwa miaka mingi 9X iliyosikika duniani mara nyingi ilikuwa ya mgeni aliyekuja majuma mawili, akarudi kwao na mitambo yake sandukuni. Hatumchukii. Lakini fundi wa kwetu anayesuka upya mota ya farasi hamsini hashindwi na somo hili. Hata alama za Morse hazimzuii: tangu mkutano wa dunia wa mawimbi wa 2003, kanuni za kimataifa haziwalazimishi tena wanaoomba leseni kuzijua.

Wakati barua zinasubiri majibu, sikilizeni. Tafuteni redio ya kawaida ya mawimbi mafupi iliyoandikwa herufi SSB. Bila hizo, sauti za watu wa ridhaa zitasikika kama bata. Isiyo nazo, hata ikiwa nzuri namna gani, iacheni dukani.

Siku leseni ikipatikana, ndipo tuzungumze habari ya seti. Seti moja kwa kikundi kizima, si moja kwa kila mtu. Yaesu, Icom na Kenwood za wati 100, hata zilizotumika, hudumu miaka mingi, lakini kumbukeni kwamba zikirusha hula ampea 20 hivi kwa volti 12, na betri iliyochoka haziwezi. Kwa kijiji kisicho na umeme wa uhakika sisi tungechagua seti ya wati 20, kama Xiegu G90. Wati 20 kwenye antena nzuri zitawashinda wati 100 kwenye antena mbovu, kila siku. Seti ya zamani ya valvu iacheni kwa mzee anayezijua. Ndani yake mna volti mamia, na huwa zinabaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Tena waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Na mvua ikitanda, chomoa kebo ya antena, uitupe nje ya nyumba. Machi 2018 radi iliua watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru. Anayefunga waya shambani kwanza apigilie chuma ardhini, kisha ndiyo apande mti.

Sisi tumepata redio ya kusikilizia, na tumefunga waya wetu nyuma ya ukumbi wa mkutano. Jioni tunaweka megahezi 14.100. Hapo vituo 18 vya dunia vimepangwa kupokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu: kila kimoja hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne, wa kwanza kwa wati 100, wa mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Cha Kenya ni 5Z4B, cha Afrika Kusini ZS6DN. Usishangae ukimpata wa mbali na kumkosa jirani. Megahezi 14 hupenda kuruka majirani. Tunaandika katika daftari nani amesikika na saa ngapi. Kama kuna fundi wa zamani wa Kinyinya anayesoma ukurasa huu, twamwomba aje Jumamosi baada ya zamu ya mchana. Kiti chake kipo karibu na redio.