Mtoto wa Unguja na Aanzie Unguja

Skuli moja ya msingi ya hapa mjini, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kosa lililo la wengi haifai kutwikwa mmoja, imeukataa mpango wa somo la Maarifa ya Jamii ulioandikwa na walimu wake wawili kwa ajili ya darasa la nne, mpango ambao ungewaweka watoto mwaka mzima, tangu Januari mpaka Disemba, wakiisoma Unguja: ardhi yake, bahari yake, watu wake na tarehe yake. Kamati ya skuli iliupokea, ikausifu kwa maneno mawili matatu, kisha ikaamua kwamba somo lifuate sura za kitabu moja baada ya moja, daftari zijazwe yaandikwayo ubaoni, na matembezi, ikipatikana nafasi, yafanywe baada ya mitihani. Nasema tangu hapa mwanzo kwamba uamuzi huo ni wa makosa, na makosa yake hayako katika ratiba tu bali yamo katika asili ya jambo, kwa sababu walioukataa mpango hawakufahamu somo hili limewekwa kwa kazi gani.

Mpango huo nimeusoma wote. Walimu wale waliupanga kwa majira ya kisiwa. Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, watoto wangeanzia Malindi, kwenye bandari ya majahazi, wajue kwa nini vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuwa vikija na upepo huo na kurudi kwao kwa kusi, na kwa nini mji ulisimama upande huu wa magharibi ulio na hifadhi, usisimame mashariki kwenye miamba. Kabla ya masika wangeuzunguka Mji Mkongwe. Mvua zikinyesha wangekaa darasani na ramani, waijue shehia yao, wilaya yao na mikoa mitatu ya Unguja, sheha mwenyewe aje kuwaeleza kazi yake, kisha wasomeshwe habari za Baraza la Wawakilishi lililoanza mwaka 1980 na Katiba ya mwaka 1984. Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, wangekwenda Makunduchi na kupitia Kizimkazi. Na siku ya bamvua, maji yanapotoka mbali, wangekwenda Paje kuwatazama kina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Mwisho wa mwaka ni wa mashamba: wangechota udongo wa kinongo, waulinganishe na maweni ya mashariki, wafahamu kwa nini mkarafuu umekubali huku na kukataa kule, na kwa nini tufani ya mwaka 1872, iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja, iliifanya Pemba iwe ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo.

Wapinzani wa mpango wanazo hoja, na ni haki kuzitaja. Wanasema mtihani hauulizi habari za pepo za Malindi, na mzazi huipima skuli kwa mtihani. Wanasema gari la kukodi ni fedha, na skuli haina. Wanasema pia kwamba taifa ni moja, na kwamba tangu Rais John Magufuli alipoagiza mwishoni mwa mwaka 2020 somo la Historia ya Tanzania lifundishwe maskulini, mkazo wapasa kuwa katika mambo ya taifa zima. Hoja ya kwanza ina ukweli wa kiasi chake, lakini mtoto aliyefahamu ndiye anayelijibu swali hata likigeuzwa, na aliyekariri ndiye anayekwama. Ya pili haina uzito kwa skuli ya mjini, ambayo watoto wake wanafika Ngome Kongwe, Darajani, Mkunazini na Malindi kwa miguu, na safari za mbali mwaka mzima hazizidi mbili tatu. Ya tatu, mbali na kwamba elimu ya msingi si jambo la Muungano, imeanza kinyumenyume: Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulikuwa wa nchi mbili, na mtoto hawezi kufahamu kilichounganishwa ikiwa hakijui hata hicho anachokikanyaga.

Imebaki hoja ya nne, ambayo haikuandikwa katika kumbukumbu za kikao lakini ndiyo iliyoamua, maana kila niliyezungumza naye aliishia hapo: kwamba tarehe ya Unguja ni moto, kwamba humo mna utumwa, mna ukoloni, na mna Januari ya 1964, kwamba kila nyumba ina simulizi yake na machungu yake, na kwamba mtoto wa miaka kumi ni bora akingwe na hayo mpaka akue. Hoja hii ndiyo nitakayokaa nayo, kwa sababu walioitoa wana nia njema, na kwa sababu ikichunguzwa itaonekana kuwa ndiyo inayolazimisha mpango ule ukubaliwe.

Mtoto huyo anayetakiwa akingwe, amekingwa na nini mpaka sasa? Amekaa barazani karibu na babu yake, akasikia. Amesikia msibani, amesikia harusini, amesikia mikutano ya siasa kila uchaguzi unapokaribia. Na siku hizi anasikia katika simu ya kaka yake, kwa sauti ya mtu asiyemjua, aliyeko hapa au Maskati au London. Nyumba moja humwambia kwamba kabla ya Mapinduzi kulikuwa na dhulma tupu, nyumba ya pili yake humwambia kwamba kulikuwa na neema tupu. Na yeye, ambaye hakupewa mizani, huchukua la kwao kama anavyochukua jina la ukoo, akakua nalo, akazeeka nalo, akawarithisha wanawe. Skuli ikinyamaza haimwepushi na simulizi hizo hata moja. Humnyima njia ya kuzipima, basi.

Na njia ya kuzipima haifundishiki kwa mambo ya mbali. Mtoto akiambiwa kwamba Mafirauni walijenga mapiramidi, hana la kufanya ila kusadiki au kusahau. Akiambiwa habari ya chumba kilichoko mtaani kwake, anaweza kwenda kukipima. Chukua nyumba yoyote kongwe ya Shangani au ya Hurumzi. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, na upana wao aghalabu ni wa mita tatu au kupita kidogo. Mpe mtoto futikamba, apime chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu, aandike. Kisha mwambie atazame dari. Ataziona boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, naye atatambua, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa boriti. Hapo maswali huja yenyewe: mikoko ilikatwa wapi, jahazi la nani liliipakia, chokaa ilichomwa na nani, na katika wote hao nani alilipwa na nani hakulipwa. Swali hilo la mwisho ndilo linaloingiza habari za utumwa, na mtoto amelifikia kwa kufuata dalili moja baada ya nyengine, wala hakusukumwa na hasira ya mtu mzima.

Mpeleke Kizimkazi Dimbani, msikitini, penye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Mtoto wetu amesoma chuoni, herufi za Kiarabu ana mazoea nazo, ijapokuwa hizi za Kikufi zitampa taabu. Mwalimu amweleze kwamba jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya kumi na nane, kisha amuulize: jiwe lipi hapa ni la zamani na lipi ni la baadaye, na sisi tunajuaje kwamba miaka zaidi ya mia tisa iliyopita palikuwa na watu wakiswali mahali hapa? Akishapata jawabu lake atakuwa amefahamu kwamba jengo moja laweza kuwa na umri zaidi ya mmoja, na hataridhika tena na mtu anayemwambia “hiki ni cha kale” akanyamaza hapo.

Baada ya hayo mpeleke Mkunazini. Pale liliposimama Kanisa Kuu la Waanglikana palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sayyid Barghash kukubali mkataba wa Waingereza. Hilo ni yakini. Lakini wageni wanaoteremshwa katika vyumba vya chini ya jengo la jirani huambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimokuwa wakifungiwa, na wapo wanahistoria wanaolihoji jambo hilo, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Mtoto aliyezoezwa kuuliza “jengo hili ni la mwaka gani?” atayashika mambo mawili kwa pamoja bila ya kuchanganyikiwa: kwamba utumwa ulikuwako na ulikuwa ukatili mkubwa, nao una burhani nyingi hata kisipokuwako chumba kimoja, na kwamba si kila kinachoonyeshwa mgeni kimehakikiwa. Watu wazima wengi wa mji huu hawawezi kuyashika yote mawili. Mmoja akisikia vyumba vinahojiwa hudhani utumwa unakanushwa, akaghadhibika. Mwengine akisikia hayo hayo hudhani utumwa umekwisha kukanushwa, akafurahi. Wote wawili wamepita skuli, wala hakuna aliyewafundisha kutenga jambo na dalili yake.

Na wala asiseme mtu kwamba njia hii ni ya kuazima. Mtoto aliyekaa chuoni hukua akijua kwamba hadithi haipokelewi bila ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, na kila mmoja wao amechunguzwa ukweli wake na hifadhi yake. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki alishughulika sana kueleza nani alisoma kwa nani. Walimu wa darasa la nne walitaka jambo hilo hilo kwa kiasi cha watoto: mtoto akimuuliza bibi yake habari za mwaka 1964, aandike nani amesema, siku hizo alikuwa na umri gani, alikuwa wapi, aliliona jambo kwa macho yake au alilisikia kwa mtu. Mwalimu hatoi hukumu, na mtoto haambiwi nani wa kupendwa na nani wa kuchukiwa. Daftari zikikusanywa, darasa zima litaona kwamba mtu wa Ng'ambo, mtu wa Shangani na mtu wa Makunduchi waliipitia siku moja kwa hali mbalimbali, na ya kila mmoja yapasa kusikilizwa na kupimwa. Sijui hotuba ya umoja iwezayo kufanya kazi hiyo.

Nakiri kwamba kusoma habari za kwenu hakutoshi pakikosekana upimaji huu. Huko Marekani, katika majimbo mengi, darasa la nne ndilo linalosomeshwa habari za jimbo lao. Na California kwa miaka mingi watoto walikuwa wakitengeneza vielelezo vya misheni za Wahispania, wakavisifu kwa uzuri wake, ilhali yaliyowapata wenyeji waliotumikishwa humo hayakutajwa ila kwa juu juu, mpaka mwongozo wa jimbo wa mwaka 2016 ukawataka walimu waiache kazi hiyo. Na sisi tukiwapeleka watoto Ngome Kongwe wapigwe picha warudi, tutakuwa tumepoteza siku.

Lakini kamati haikukataa mpango kwa kuuona mwepesi. Iliukataa kwa kuwa ni mzito, ikasema “baada ya mitihani”, na hapa ndipo subira yangu inapokatika. Baada ya mitihani lini, na atakuwapo nani? Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuwa makumbusho ya historia yetu, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wawili wakafa, na kila mtoto ambaye skuli yake ilikuwa ikimwambia “mwakani” aliikosa ziara ile. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini siku ya uhuru, tarehe 10 Disemba 1963, leo amepita themanini. Mashahidi wa tarehe hii tunawazika kila mwezi, nasi tumekaa kikao kuamua kwamba watoto wasiwaulize kitu mpaka ratiba iruhusu. Kuliita jambo hili tahadhari ni kuidhulumu tahadhari. Ni woga wa watu wazima wenye mambo yao wasiyoyamaliza wao kwa wao, ambao wanaona afadhali kizazi kingine kirithi ugomvi wao mzima kuliko kukipa ilimu ya kuupambanua. Anayesema mtoto ni mdogo mno kupima maneno, na akamwacha kila jioni barazani akiyameza maneno yale yale bila ya mizani, hamkingi.

Kamati na iurudishe mpango ule kabla ya Januari, kama ulivyoandikwa, na walimu wale wawili wapewe nafasi yao. Taasisi ya Elimu Zanzibar, ambayo ndiyo yenye dhamana ya mitaala, na iwape walimu wa kila wilaya ruhusa ya kuupanga mwaka kwa majira na mahali pao, mtoto wa Nungwi aanzie Nungwi na mtoto wa Chwaka aanzie Chwaka, maadam malengo ya somo yanatimia. Na watungao mitihani, ambao kila mtu hujificha nyuma yao, waweke katika karatasi ya Maarifa ya Jamii swali moja tu lililo wazi: mtoto ataje jambo moja la kale la mahali anapokaa, kisha aeleze amelijuaje. Swali hilo likikaa katika mtihani miaka miwili mfululizo, hakutakuwa na haja ya makala kama hii, kwa sababu wazazi wenyewe watakwenda skuli kuidai ziara iliyofutwa.