Kumbukumbu za Zamani Katika Mifumo Mipya: Haki ya Mstaafu Hutegemea Maelezo ya Rekodi

Na Mwandishi Wetu, Urambo

Mtumishi wa umma wilayani Urambo, mkoani Tabora, aweza kufanya kazi miaka 30 bila kuhama kituo, lakini kumbukumbu zake zikahama mara kadhaa. Agosti 1, 2018, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ulianza kazi kwa Sheria Na. 2 ya mwaka huo, ukirithi wanachama wa PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Kila muunganiko wa aina hii huibua swali moja: data ikihama, je, maana yake huhama nayo?

Swali hilo huonekana wazi zaidi katika faili za COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Marekani mwaka 1959 na ambayo hadi leo huendesha hesabu za benki, mishahara na pensheni katika nchi nyingi. Faili hizo ni mfululizo wa herufi na tarakimu usio na vichwa vya safu. Jina la kila sehemu, mahali inapoanzia na urefu wake huandikwa kando, ndani ya programu. Zana ya kuoanisha data ni lazima iingiziwe maelezo hayo kwanza.

Yakikosewa, hakuna kengele inayolia. Tarakimu 0045075 zaweza kuwa shilingi 450 na senti 75, kwa kuwa nukta ya desimali haihifadhiwi kwenye faili. Asiyejua husoma shilingi 45,075. Mwaka "58" waweza kusomwa 1958 au 2058. Aidha, sehemu ileile yaweza kubeba tarehe ya kuajiriwa kwa aliye kazini na tarehe ya kustaafu kwa aliyestaafu.

Athari zake ni kubwa. Sifa ya kulipwa pensheni ya kila mwezi ni kuchangia angalau miezi 180. Miezi mitatu ikipotea katika uhamishaji, mwenye miezi 182 hubaki na 179.

Tanzania inafahamu gharama ya mfumo usioaminika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kutotoa matokeo yaliyotarajiwa. Leo njia sahihi ni kuhifadhi maelezo ya rekodi pamoja na faili, kulinganisha jumla za kabla na baada ya kuhamisha, na kukagua sampuli dhidi ya majalada ya karatasi.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Ni vyema mtumishi apitie taarifa ya michango yake mapema, ailinganishe na hati zake za mshahara na barua ya ajira, na kuwasilisha dosari angali kazini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.