Ukisimama Irente unaangalia nini?

Jamani, kuna jambo linanikera, leo nalitoa.

Mwezi uliopita nilikuwa Lushoto. Kama kila mtu wa Dar anayepanda huko, nikapelekwa Irente, kwenye lile jabali ambalo nusu ya marafiki zangu wana picha yake, wamenyoosha mikono kama wanataka kuruka. Kijana aliyetuongoza alikuwa hodari kweli. Alitueleza kwamba Lushoto iliitwa Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wa Ujerumani, akatuonyesha nyumba za Wajerumani, akatupa habari za makanisa yao. Nikamwuliza, na pale chini, yale mabati yanayong'aa kando ya barabara ya Arusha?

"Pale? Mazinde tu."

Mazinde tu! Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya shule ya wasichana ya Mazinde Juu, iliyoko huku mlimani. Mazinde ya chini tunaipita na basi tukiwa tumelala.

Sasa sikilizeni. Wasambaa waliigawa dunia yao sehemu mbili. Kuna Shambaai, huku juu kwenye migomba na baridi, na kuna nyika, kule chini kwenye jua na homa. Mfalme alikaa juu, Vuga. Krapf alimkuta huko Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, Burton naye akafika mwaka 1857. Kimweri alikuwa wa ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu, na amri yake ilifika mpaka pwani. Mazinde ilikuwa ukingoni, mlima unapokwisha na nyika inapoanza.

Lakini bunduki hazikutoka juu. Zilitoka Pangani, kwa njia ya misafara iliyopita chini ya milima, na zililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Aliyelielewa hilo mapema ni Semboja, mtoto wa Kimweri. Akaweka makao yake Mazinde, mahali ambapo Msambaa, Mzigua, Mpare, Mmasai na Mswahili wa pwani walikutana kila siku. Kimweri alipokufa mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Miaka ile ile ya 1860 haijaisha, Semboja akampiga na kuitwaa Vuga.

Halafu hakuhamia! Alimkalisha mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha Vuga, yeye akabaki Mazinde. Hebu fikiria mtu ashinde Ikulu halafu aendelee kuishi Chalinze. Alijua nguvu imeshashuka mlima.

Hapa ndipo wazee wetu hukohoa na kubadili mazungumzo. Vita vile vililishwa kwa kuuza watu. Mateka waliuzwa, na hata raia wa kawaida, ambao mtawala alipaswa kuwalinda, waliuzwa wakapelekwa pwani. Wabondei walichoka, wakawainukia Wakilindi. Uasi huo unaitwa Kiva. Wangapi wamefundishwa Kiva shuleni? Mimi sikufundishwa. Nilifundishwa Bismarck na mkutano wa Berlin mpaka nikaota.

Najua nitaambiwa nafukua makaburi, naleta ukabila. Sikubali. Ukimya huu una upendeleo. Mjerumani aliyejenga nyumba huku juu anatajwa na kila mwongoza watalii, lakini mtu aliyefungwa kamba akateremshwa Pangani hana hata kibao cha mbao. Na Semboja sitaki tumpambe kama shujaa eti kwa sababu ni wetu. Nataka atajwe, na mabaya yake yote.

Wajerumani wenyewe hawakusema "Mazinde tu". Walipofika waliweka kituo chao pale kwanza, ndipo wakapanda kwenye baridi na kuupa mji jina la mfalme wao. Semboja alikufa mwaka 1895. Mwaka huo huo walimnyonga mwanawe, Mputa, kisha wakamtambua Kinyashi huko Vuga. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge, na reli kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905. Leo Mazinde iko wilaya ya Korogwe, na Irente unakosimama kuitazama iko Lushoto. Yaani hata watawala wa leo wamepitisha mpaka pale pale!

Na msiniambie habari hizi hazikuandikwa. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewahi kuishi kwa Semboja, aliandika Habari za Wakilindi, kwa Kiswahili, lugha yetu. Kilipigwa chapa sehemu sehemu na wamisionari wa Magila, kikatolewa tena mwaka 1962. Mimi nilianza kumsoma Mmarekani Steven Feierman, aliyetoa kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1974, ndipo nikajua kwamba Abdallah yupo. Aibu yangu hiyo, nimeikubali.

Tukiwa tunarudi mjini kwa miguu nikamsimulia yule kijana yote haya. Alisikiliza kimya. Tulipokaribia soko akaniuliza hicho kitabu cha Kiswahili kinauzwa wapi, akinunue.

Sikuwa na jibu la kumpa.