Aliyesimama si lazima awe mzima

Niko Kiminini, njia ya Kitale kwenda Bungoma, na gumzo la vijana wa bodaboda hapa ni lile lile la Likoni: MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Wanachokipenda ni mapigo ya wima: ngumi ya kidevu, kiwiko, goti, teke la kichwa. Mieleka ya chini, wanasema, haina utamu.

Siwashangai. Waafrika wenzetu Israel Adesanya na Francis Ngannou walitwaa ubingwa wa UFC kwa mapigo hayo. Ila video za kwenye simu hukatika pale mtu anapoanguka.

Jina la Wangila si geni pande hizi, ni jina la Wabukusu. Robert Wangila aliiletea Kenya dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Julai 1994 alipambana na David Gonzalez huko Las Vegas. Mwamuzi alipokatiza pambano, Wangila alilalamika, akataka kuendelea. Baadaye usiku huo alipoteza fahamu, na siku mbili baadaye akafariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26.

Tuzingatie hapo: alikuwa amesimama, anazungumza, anabisha. Pigo la kidevu huzungusha kichwa ghafla, mishipa ya damu ikachanika ndani ya fuvu. Damu yaweza kuvuja polepole, na mwenyewe asijue.

Wako wanaosema tatizo ni glavu nyembamba za MMA, za wakia 4, ilhali za ndondi ni 8 au 10. Lakini glavu nene humlinda mpigaji vidole kuliko inavyomlinda mpigwaji ubongo. Tena MMA haina kuhesabiwa hadi nane ukarudishwa kupigwa. Ukishindwa kujilinda, mwamuzi anamaliza. Ukigonga mkono kukubali kushindwa, hakuna anayekuita mwoga. Hayo ndiyo ya kuigwa kabla ya viwiko.

Sisi Waislamu tuna la ziada, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Khabib Nurmagomedov alistaafu mwaka 2020 akiwa ameshinda mapambano yote 29, na silaha yake kubwa ilikuwa mieleka, hiyo hiyo isiyo na utamu.

Kaunti ya Trans Nzoia na zetu za Pwani zinaweza kuweka masharti mawili tu: pasipo daktari pasiwe na pambano, na aliyezimika asipigwe kichwani, hata mazoezini, mpaka daktari aruhusu.

Nawe mzazi, kijana akirudi mazoezini akilalamika kichwa, akitapika au akisinzia kupita kawaida, usimpe dawa ya maumivu ukamwambia alale. Mpeleke hospitali usiku huo huo.